Hati za askari wa Tabora zisiuzwe kabla hazijanakiliwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili niseme jambo ambalo limekuwa likizungumzwa chini kwa chini hapa Tabora, nalo ni biashara ya karatasi za kale za Vita ya Kwanza ya Dunia. Wapo watu wanaopita katika mitaa ya Ng'ambo, Isevya na Kanyenye wakiuliza kama kuna nyumba zenye barua, vyeti au picha za tangu enzi za Wajerumani, na wakipata hulipa papo hapo. Familia moja ninayoifahamu imefikiwa na mnunuzi wa namna hiyo, ikaniita niitazame hati yake kabla haijatoa jibu, kwa kuwa nilifanya kazi ya masjala hadi kustaafu na nimezoea kushika karatasi kuukuu. Wenyewe wameniruhusu niieleze hati hiyo hadharani kwa sharti kwamba nisiwataje.

Ni karatasi moja isiyozidi ukubwa wa ukurasa wa daftari la shule, imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kuachia. Maneno ni ya Kijerumani. Sehemu yake imepigwa chapa kwa mashine, na nafasi zilizoachwa wazi zimejazwa kwa mkono: jina la askari na la baba yake, namba ya kombania, na kiasi cha fedha kwa rupia. Chini yake kuna saini ya afisa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu, na pembeni kuna mhuri uliofifia hata umebaki nusu duara. Ukiigeuza utaona hesabu za penseli, tarakimu zilizopangwa katika safu mbili, ya pili imekatwa kwa mstari na kuandikwa upya. Pembe moja imeliwa na mchwa. Jina la askari linasomeka herufi kwa herufi, kwani aliyeliandika alilipanga polepole kama mtu anayetaka lisikosewe. Saini ya afisa ni msokoto tu, herufi ya kwanza kubwa na mkia mrefu unaokwenda kulia.

Mnunuzi, kwa maelezo ya familia, alitaka kujua kitu kimoja tu, nacho ni saini hiyo ni ya nani. Alisema ikithibitika kuwa ni ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki katika vita hiyo, bei itapanda mara nyingi, na ikiwa ni ya luteni ambaye hakuna anayemjua, atatoa kidogo kwa ajili ya mhuri na tarehe. Jina la askari hakulisoma wala hakuuliza ni la nani. Kwa upande wa biashara yake inawezekana ana haki, lakini mimi naamini sisi wa Tabora tunapaswa kuipima hati hiyo kinyume kabisa na anavyoipima yeye, na ndiyo sababu ya barua hii.

Saini ya Lettow-Vorbeck si kitu adimu hivyo. Alizaliwa mwaka 1870 na akafa mwaka 1964, akaishi miaka zaidi ya arobaini baada ya vita, akaandika vitabu, akajibu barua, akasaini picha. Aliporudi Berlin mwezi Machi 1919 alipokewa kwa gwaride. Maisha yake yanajulikana na yameandikwa kwa lugha nyingi. Askari ambaye jina lake liko katika karatasi ile hana kitabu wala picha, na kaburi lake halina maandishi. Ukiiondoa karatasi hiyo, hakuna mahali pengine ambapo wajukuu zake wanaweza kuweka kidole na kusema kwamba babu yetu alikuwapo, alitumikia kombania fulani, na alidai kiasi fulani cha fedha. Uadimu uko hapo.

Ili msomaji aelewe kwa nini karatasi za aina hii ziko Tabora na si kwingineko, lazima nirudi nyuma kidogo. Vita ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki, lililoitwa Schutztruppe, lilikuwa na askari Waafrika 2,472 katika kombania 14. Kombania ya nane ilikuwa hapa Tabora, na ya sita ilikuwa Ujiji na Kasulu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi, mbali na maelfu kwa maelfu waliochukuliwa kubeba mizigo. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huohuo wa 1914, kwa hiyo Tabora ilikuwa kitovu cha magharibi yote, na kadiri pwani ilivyozidi kuwa ya hatari serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilihamishia shughuli zake huku. Mkuu wa majeshi ya upande huu alikuwa Jenerali Kurt Wahle, mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye vita ilimkuta akiwa amekuja kumtembelea mwanawe.

Wabelgiji walikuja kutoka Kongo na Rwanda chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kigoma iliangukia mikononi mwao mwishoni mwa Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli ya Graf von Goetzen, ile ambayo leo tunaiita Liemba. Kisha yakafuata mapigano ya Lulanguru na Itaga, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Baadaye Tombeur alipewa ubaroni wenye jina la mji wetu ndani yake, yaani Tombeur wa Tabora. Hebu tulifikirie hilo kwa makini: afisa wa kigeni alibeba jina la Tabora katika cheo chake hadi Ulaya, huku majina ya vijana wa Tabora waliopigana pande zote mbili na kubeba mizigo ya pande zote mbili yakibaki katika vipande vya karatasi ambavyo sasa vinauzwa mmojammoja.

Hapa nitoe tahadhari kuhusu kitu kinachowachanganya wengi. Si kila karatasi ya Kijerumani yenye saini na iliyopatikana Tabora ni hati ya afisa wa jeshi. Fedha zilipoadimika wakati wa vita, benki ya koloni ilichapisha noti za dharura, nyingi zikiwa za rupia moja, na noti hizo zilitiwa saini kwa mkono na watumishi wa benki. Zilichapishwa nyingi sana na bado zinapatikana. Vivyo hivyo, karakana ya reli hapa Tabora ilitumika mwaka 1916 kupiga sarafu za heli tano na heli ishirini (heli ni senti za rupia), na zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Hizo ni mali na ni historia, lakini hazitaji jina la mtu wa hapa. Mwenye noti asidanganywe kwamba ameshika barua ya jenerali, na mwenye hati ya askari asikubali ipimwe kwa bei ya noti.

Jambo lililozaa hati kama ile niliyoiona lilitokea mwishoni kabisa. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia Lettow-Vorbeck karibu na mto Chambeshi, katika nchi ambayo leo ni Zambia, siku mbili hivi baada ya mapatano ya tarehe 11 Novemba 1918 huko Ulaya. Tarehe 25 Novemba alisalimu amri mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 pamoja na wapagazi wao. Wajerumani walivushwa ziwa hadi Kigoma na kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Askari waliletwa kuzuiliwa hapa Tabora. Walikuwa wamepigana kwa miezi mingi bila mshahara. Katika kumbukumbu alizoandika baada ya vita, Lettow-Vorbeck anaeleza kwamba aliomba fedha za kuwalipa na hakuzipata, na kwamba ikabidi ziandikwe orodha na kila mtu apewe hati ya kiasi anachodai. Huo ndio ulikuwa mshahara wao wa siku ile: karatasi yenye saini. Na wakati huohuo homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ilikuwa inaua watu Afrika nzima, nayo haikuipita kambi iliyojaa watu waliochoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini hati hizi zimebaki chache, sioni ajabu yoyote. Wapo waliokufa nazo mifukoni. Waliofika kwao walizihifadhi katika nyumba za nyasi, ndani ya mabegi ya ngozi na makopo, kwenye nchi ambayo mchwa hula hata mlango. Wengine waliziwasilisha kwa maofisa wakitarajia kulipwa na hawakurudishiwa. Wajane wamezitupa kwa kuwa hawakuambiwa ni za nini, na si kosa lao.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Kuna masimulizi yaliyoenea sana kwamba mamia ya wazee walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na hati walizopewa mwaka 1918, wengine wakiwa na vipande vya sare kuukuu na wengine mikono mitupu, hadi mwenye fedha akaamua kumpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani acheze gwaride kama vile ameshika bunduki, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Watu hulisimulia hilo kwa kicheko. Mimi naliona ni jambo la kusikitisha mno kwamba wazee wa miaka sabini na zaidi, waliokuwa wakidai haki yao, walilazimika kuchezeshwa kwa ufagio mbele ya umati ili waaminike, kwa sababu karatasi zao zilikuwa zimepotea. Kama masimulizi hayo yanatufundisha kupima thamani ya hati, basi thamani hiyo ilikuwa ni heshima ya mtu anayesema kweli na kuwa na kitu cha kuonyesha.

Najua wapo watakaouliza, na vijana wawili wa familia hiyohiyo wameuliza mbele yangu, kwa nini tuhangaike na karatasi za jeshi lililotutawala. Swali hilo ni zito na halistahili jibu jepesi. Mwezi Januari 1893 Schutztruppe hiyohiyo, chini ya Tom von Prince, ndiyo iliyovunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe hapahapa petu, na Isike akachagua kufa kuliko kukamatwa. Miaka kumi na miwili baadaye askari wa jeshi hilo waliteketeza vijiji na mashamba ya kusini wakati wa vita ya Majimaji. Babu aliyetajwa katika hati anaweza kuwa alikuwa miongoni mwao. Siwezi kuwaambia wajukuu kwamba wajivunie, wala sina mamlaka ya kuwaambia waone aibu. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuhukumu asichokijua, na karatasi ile ni ushahidi: inataja nani alikuwa wapi, lini, na aliahidiwa nini na nani. Taifa linalotaka kuieleza historia yake lenyewe linahitaji ushahidi wa pande zote, hata ule unaoumiza.

Tena upande wa serikali ya kikoloni hauna upungufu wa makaratasi. Majalada ya Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, na ni hazina kubwa kweli. Lakini mtu aliyefanya kazi ya masjala anajua faili la serikali linazungumza kwa sauti ya nani. Linaeleza ardhi, kodi, reli na maagizo. Askari wa kawaida hutajwa kama idadi. Hati iliyokaa miaka zaidi ya mia moja ndani ya sanduku la nyumba ya Isevya inajaza pengo ambalo chumba kizima cha majalada hakiwezi kulijaza.

Mheshimiwa Mhariri, simnyimi mtu haki ya kuuza mali ya baba yake. Kuna karo, kuna matibabu, na siwezi kuwa na uso wa kuwaambia wenye shida kwamba karatasi ni bora kuliko dawa. Ninachoomba ni kwamba hati yoyote isiondoke Tabora kabla haijanakiliwa kikamilifu, mbele na nyuma, na kabla haijaandikwa mahali nani alikuwa nayo na imetoka ukoo gani. Hati ikiuzwa bila maelezo hayo, inageuka kuwa saini tu, na mtu wa Ulaya atakayeinunua hatajua kama askari huyo alikuwa na watoto. Wanunuzi waaminifu hawatakataa kusubiri. Anayekataa kusubiri familia ipige picha, au anayetaka kuondoka na hati ili akaichunguze kwanza, afungiwe mlango. Na anayekusudia kuvusha vitu vya kale mipakani akumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilikwisha kuweka masharti ya leseni.

Kwa wenye hati, nina ushauri wa kazi niliyoifanya. Tafadhali msizipeleke steshenari kupigwa lamineshi. Najua kila mmoja wetu hufanya hivyo kwa cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, lakini joto na gundi ya ile plastiki vikishaingia katika karatasi ya mwaka 1918 haviondoki, na kinachokusudiwa kuilinda ndicho kitakachoiua. Vivyo hivyo selotepu: inashika leo, kesho inageuka njano na kula wino. Mikunjo isinyooshwe kwa pasi. Piga picha kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila mwanga wa kamera, kisha piga upande wa nyuma hata kama unauona mtupu, kwani hesabu za penseli huonekana vizuri zaidi katika picha kuliko kwa macho. Baada ya hapo iweke katika bahasha safi ya karatasi, mbali na ukuta wa udongo, na usiishike kwa mikono yenye mafuta.

Wanaotafuta jina la babu yao wakumbuke pia kwamba waandishi wa Kijerumani walifuata tahajia yao. Juma aliandikwa Djuma, Shabani aliandikwa Schabani, na Ujiji ikaandikwa Udjidji. Nimeona mtu akiipitia orodha na kusema jina la ukoo wake halimo, na lilikuwa mbele ya macho yake. Wenzetu wa Kigoma nao wajue kwamba Wabelgiji walikaa kwao hadi mwaka 1921, hivyo hati za kule zinaweza kuwa za Kifaransa, na zisidharauliwe kwa kudhaniwa ni risiti za bandarini. Hata risiti ya bandarini ya miaka ile ningependa kuiona.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Manispaa ni dogo na halihitaji bajeti ya kutisha. Itengwe meza katika Maktaba ya Mkoa, awepo mtumishi mmoja mwenye mashine ya kunakilia picha na daftari la kuandikisha, na itangazwe misikitini, makanisani na redioni kwamba mwenye karatasi ya zamani aje nayo, inakiliwe mbele yake, kisha aondoke nayo. Neno hilo la mwisho litiliwe mkazo katika tangazo, kwa sababu hofu kubwa ya watu ni kunyang'anywa. Nakala moja ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi hiyo ni yake chini ya sheria ya mwaka 2002, na nyingine ibaki hapa. Kwa zile ambazo familia zitaridhia zionyeshwe, nakala zake zingeweza kuwekwa Kwihara, penye tembe alimokaa Livingstone, kwani wageni wanaofika pale kusoma habari za msafiri mmoja wangefaidika kusoma pia habari za wenyeji waliobeba vita ya watu wengine mabegani.

Familia niliyoitaja imemwambia mnunuzi angoje. Nakala zimekwisha kupigwa, na wazee wawili wa ukoo wametoa majina ya watoto na wajukuu wa askari yule, nayo yameandikwa na kuambatanishwa. Kilichobaki ni mistari miwili ya mwandiko wa mkono iliyo kati ya kiasi cha fedha na saini, ambayo imeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata wanaojua Kijerumani cha leo hapa mjini wameshindwa kuusoma. Kama yuko msomaji wa gazeti hili, mmisionari, mwalimu au mtafiti, anayeumudu mwandiko huo, namwomba aandike kwa Mhariri, nami nitamletea nakala yenye ukubwa wa kutosha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa masjala,
Tabora